Mpe na usiyemjua

(Haya ndo niliyowambia vijana kwenye ukumbi wa skuli hapa Chake Chake, Pemba, siku ya kutoa damu. Wengi waliniomba niyaandike, nimeyaacha yalivotoka mdomoni.)

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, masheha mliokuja, na nyie wanangu mliokaa huko nyuma kabisa mkidhani sikuoneni, nakusalimieni nyote. Nimeambiwa nizungumze faida ya kujitolea kwa ajili ya wengine, na kijana alokuja kunialika kaniusia "bibi usiende sana kwenye dini, usiende sana kwenye utafiti, vijana watasinzia", sasa sijui kaniachia nini, labda ngonjera. Ntachanganya vyote. Mie nesi mstaafu, umri wangu wa kazi takriban wote nimeumalizia wodi ya wazazi, kwa hivo mkinisikia kila mara narudi kwenye damu nisameheni, ndiko nilikoyaona haya mambo kwa macho.

Naanza na sifa mana ni haki yetu. Sie watu wa visiwani kwa kusaidiana hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Angalieni maziko tu. Mtu kafariki alfajiri, adhuhuri haijaingia kaburi lishachimbwa, jeneza lishatolewa msikitini, sanda ishakatwa, kinamama washawasha moto uani wanapikia watu wasiokuwa na idadi, na hakuna hata mmoja alokodiwa. Mfate yule kijana anaetoka kaburini udongo mpaka kwenye kope umuulize nani kakutuma, atakuona una wazimu. Harusi hivo hivo, msaragambo hivo hivo, mtu mmoja anaezeka nyumba kijiji kizima kiko juu ya paa. Na Ramadhani sahani za futari zinavopishana milangoni, ya kwako inatoka na muhogo ya jirani inaingia na tambi, mpaka unashindwa kujua umepika nini.

Lakini hebu tuulizane, haya yote tunamfanyia nani? Ndugu, jirani, mtu wa mtaani, mtu tulosoma nae chuo. Na tena tunaandika. Nendeni harusi yoyote mtamkuta bi mmoja kakaa pembeni na daftari, fulani kaleta elfu kumi, fulani doti ya kanga, fulani mchele kilo tano, na siku yake fulani ikifika lile daftari linafunguliwa, na ole wako umpelekee elfu tano alokuletea kumi, utasemwa mpaka Mkoani. Silisemi vibaya daftari jamani, limeozesha watoto wengi wasiokuwa na baba. Ila ile ni amana inazunguka, leo kwangu kesho kwako. Mie leo nataka kuisemea ile ya nje ya daftari, unampa mtu humjui, nae hakujui, hatokulipa, na pengine hatojua abadan kama ulikuwepo duniani.

Mtume (SAW) aliulizwa Uislamu upi ulio bora, akajibu ni kulisha chakula na kumtolea salamu unayemjua na usiyemjua. Sie la unayemjua tumepata mia juu ya mia. Hilo la pili ndo tuna kazi nalo.

Sasa nikupelekeni leba, na nyie wanaume msiangalie chini, mmezaliwa na watu.

Mama kajifungua salama, mtoto analia, huko nje watu washaanza kupigiana simu, halafu damu haikati. Mfuko wa uzazi umelegea haujikazi, na pale kondo lilipobanduka mishipa yote iko wazi. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu mwilini, akishapoteza nusu lita baada ya kuzaa sie tunaanza kukimbia, na wapo wanaopoteza mara mbili mara tatu ya hiyo hujamaliza hata kumfungia dripu ya pili. Unamkanda tumbo, unampiga sindano ya kukaza mfuko, mwenzako kakimbia maabara kupima kundi lake la damu, na mwenyewe anakwambia pole pole "nesi, nasikia baridi", ukimtizama midomo ishapauka. Hapo unatoka nje kwa jamaa zake unawambia nataka damu, sasa hivi.

Na ndo unapowajua watu. Mume yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani. Kaka mtu yuko Unguja, atapanda boti ya kesho. Mama mkwe ana presha. Dada mtu yuko tayari masikini, kashakunja mkono wa baibui, ukimpima damu yake mwenyewe iko chini na ana mtoto ananyonya. Shemeji yupo, kundi halilingani. Kuna mwengine kundi linalingana sawasawa, mwanamme na kifua chake, akasema anakwenda kuswali mara moja anarudi, mpaka leo namngoja.

Yule mama akipona usiku ule hakuponeshwa na ukoo wake. Kaponeshwa na mfuko uliokuwemo ndani ya friji la maabara, mililita 450 hivi, una namba tu hauna jina, alitoa mtu wiki tatu nyuma, pengine kijana wa Micheweni, pengine mwalimu wa Wete, pengine askari, na saa ile ile mwenyewe amelala kwake anakoroma hana habari. Asubuhi mama ananyonyesha. Anakushukuru wewe nesi, anawashukuru jamaa waliojazana ukumbini, na yule alomrudisha duniani hamna hata anaemtaja, mana hamna anaemjua.

Mnielewe, damu haina kiwanda. Walimwengu wana mashine ya figo, wana mashine ya kusukuma moyo, lakini damu mpaka leo inatoka kwa binadamu tu. Na haikai. Chembe nyekundu ukizihifadhi vizuri sana kwenye ubaridi wake zinakwenda siku 42, zile chembe za kugandisha damu siku 5 tu basi, zikipita unamwaga. Kwa hivo hakuna cha kusema sie tulitoa mwaka jana inatosha, ni kama mtungi wa maji, unajazwa kabla ya kiu. Ramadhani ndo tunaumbuka kabisa, watu wamefunga hawatoi, skuli zimefungwa, na kinamama hawaachi kuzaa kwa kuwa mwezi umeandama, wala watoto wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hawaachi kuishiwa damu.

Kuna jingine watu hawalijui. Damu ya bure ni salama kuliko damu ya kununua. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Richard Titmuss, mwaka 1970 alilinganisha kwao, ambako damu inatolewa bure, na Marekani, ambako wakati ule damu nyingi ilikuwa inanunuliwa, akakuta waliotiwa damu ya kununua ndo walokuwa wanapata zaidi homa ya ini. Si ajabu, anaeuza ana shida ya pesa, ukimuuliza ulishaumwa nini atasema sijaumwa hata mafua. Na hata jamaa wa mgonjwa anaesukumwa mbele ya ukoo mzima anaweza kukuficha mambo yake, atasemaje mbele ya mkwewe. Kupima tunapima, ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, lakini ugonjwa una siku zake za mwanzo kipimo hakiuoni, siku hizo kinga ya mgonjwa ni ukweli wa mtoaji. Na mkweli ni yule alokuja kwa miguu yake asietegemea kitu, ukimwambia leo hufai anakwambia haya, anakunywa maji anaondoka.

Haya, na mtoaji nae anapata nini? Najua hili ndo swali lenu, na si swali baya wala msione haya.

Mwaka 2008 kuna bibi anaitwa Elizabeth Dunn na wenzake, huko Canada, waliwapa watu bahasha asubuhi, wengine dola 5 wengine dola 20, iwe imeshatumika ifikapo saa 11 jioni. Nusu wakaambiwa jitumilieni wenyewe, nusu wakaambiwa mnunulieni mwengine kitu au toeni sadaka. Jioni wakaulizwa nyoyo zao zikoje. Walotumia kwa wengine ndo walokuwa na furaha zaidi, na wingi wa pesa haukuhusu, dola 5 au 20 mamoja. Kilonichekesha ni kuwa walipowaendea watu wengine wakawataka wabashiri, wengi walisema dola 20 za kujitumilia mwenyewe ndo zitakazofurahisha. Yani binadamu tunakosea hata hesabu ya raha yetu wenyewe. Wazee wetu walikwisha sema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, bila bahasha wala dola.

Na kuna utafiti wa mwaka 2003, wa Stephanie Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, walifatilia wazee, mke na mume, jozi 423, kwa miaka 5. Wale waliokuwa wanasaidia, iwe jirani, iwe jamaa, iwe mwenza mle ndani, walikufa wachache kuliko wasiomsaidia mtu. Kusaidiwa tu peke yake hakukuonesha faida hiyo. Sasa msitoke hapa mkasema bibi kasema ukisaidia hufi, utakufa, na mwenye afya ndie mwenye nguvu za kusaidia, hilo nao walilijua wakajitahidi kulitenganisha. Mie nakwambieni nnachokiona mtaani kwangu. Yuko mzee alostaafu akakaa barazani anangoja kuletewa kahawa na kulalamikia serikali, na yuko mzee anaeamka saa kumi usiku kwenda kufungua msikiti, anajaza maji, anafagia, anajua nani hakuja kuswali siku mbili akamuangalie ana nini. Umri wao mmoja. Watizameni wanavonyanyuka kwenye kiti.

Na halianzii uzeeni. Felix Warneken na Michael Tomasello mwaka 2006 waliwajaribu watoto wa miezi 18, mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamuanguka, anajinyoosha anajifanya hakifikii, basi vile vitoto, vyengine hata kwenda havijui vizuri, vinakwenda vinakiokota vinampa. Hakuviomba, wala hakuvipa peremende. Baadae, 2008, wakatizama watoto waliozoeshwa kupewa zawadi kila wakisaidia, zawadi ilipokatwa hamu ya kusaidia nayo ikapungua. Kwa hivo wewe mama unaemwambia mtoto "mpelekee bibi maji ntakupa mia mbili", mtoto kaja na moyo wake mzima wewe unamfungulia duka.

Sasa kama tumezaliwa nao, unakwenda wapi? Wengi watakwambieni watu wa siku hizi roho mbaya. Mie siamini. Mie nasema haraka.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwachukua wanafunzi wa chuo cha wachungaji wa Kikristo cha Princeton, Marekani, wakawambia nendeni jengo la pili mkatoe hotuba. Njiani wakamuweka mtu kajikunja mlangoni, anakohoa, anaguna. Wale walioambiwa mna nafasi, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa mmechelewa kimbieni, 10 tu katika 100. Na baadhi yao hotuba yenyewe waliyokuwa wanaikimbilia ilikuwa ya Msamaria mwema, kile kisa cha kumsaidia mtu aloanguka njiani, na wapo walomruka mwenye kuanguka wakaenda zao kukisimulia. Hawa si watu wabaya, hawa watu wa dini. Walikuwa wamechelewa tu.

Sie haraka yetu imehamia kwenye simu. Mtu kaanguka na bodaboda hapo Machomane, wa kwanza kufika anatoa simu, wa pili anatoa simu, video ishafika Unguja na Maskati majeruhi bado yuko chini hajafungwa hata kitambaa. Na hili la kutoa sadaka na kamera nalo silipendi, nasema kweli yangu. Bi kizee anapewa kilo mbili za mchele anasimamishwa mbele ya bango ashike mfuko acheke, kesho uso wake uko kwenye stetasi za watu mia. Qur'an imesema msiziharibu sadaka zenu kwa masimango na udhia. Najua wanaotoa misaada wanahitaji ushahidi kwa wafadhili, haya, pigeni picha magunia, magunia hayana haya.

Ngoja niseme na la nchi, mana mada inataka jamii.

Nyie wadogo hamuyajui, waulizeni wazee wenu. Baada ya uchaguzi wa 1995 hapa Pemba tulifika pahala watu wa kijiji kimoja hawazikani kwa sababu ya chama, mtu hanunui duka la fulani, gari la fulani halipandwi, harusi haziendewi. Kule kusaidiana kwetu nilikokusifu mwanzo, kule kule ndo kulikovunjika, mana kulikuwa kwa wetu, na siku mwenzako alipotoka kwenye wetu hakuwa na haki tena hata ya kubebewa jeneza. Mie nilikuwa na wagonjwa wa vyama vyote, chupa ya damu haijawahi kuniuliza inakwenda kwa nani.

Halafu muweke pembeni yake usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander ilikuwa inakuja kwetu huku, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ikazama karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja. Nani hapa hakupoteza mtu. Lakini walioletwa nchi kavu wakiwa hai walipindukia 600, na sehemu kubwa waliotiwa mikono ni wavuvi wa Nungwi na watu wa boti za kuzamia za watalii, waliingia baharini kutafuta Wapemba wasiowajua. Mvuvi mafuta ya mashine anayanunua mwenyewe, na siku hiyo hakuvua samaki. Nchi inayokaa ni ile ambayo ukizama kwenye maji ya watu wengine unatolewa.

Kwa Unguja hii tabia ina majengo yake. Sultan Barghash alivuta maji kutoka chemchemi ya Bububu mpaka mjini, watu wakachota bure. Lile jengo zuri la mbele ya bandari, la mabaraza ya mbao yalochongwa, tajiri mmoja mfanyabiashara, Tharia Topan, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887 akikusudia iwe spitali ya masikini, akafariki 1891 halijakwisha, mjane wake akalimaliza. Hakumuona mgonjwa hata mmoja akitibiwa mle. Siwafanyi malaika, utajiri wa Zanzibar ya wakati ule una maswali yake makubwa na walofanya kazi mashambani hawakuulizwa. Ila kisima, wakfu, dawa, ni vitu vya kumfikia mtu hata jina lake hujalisikia. Na siku hizi hata kodi ni hivo, mkitaka msitake. Tokea Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 Zanzibar anapata pencheni jamii, ilianza na elfu 20 kwa mwezi, haiulizi ulifanya kazi serikalini au ulichuma karafuu za watu. Kodi ya soda unayoinywa hapo inamfikia bi kizee wa Makangale.

Moja la mwisho kabla hamjanichoka. Majumbani kwetu neno kujitolea lishakuwa kazi ya mwanamke. Mgonjwa auguzwe na binti, wageni wapikiwe na binti, mtoto wa marehemu alelewe na binti, ataacha skuli halafu tutamsifu ana moyo. Alochaguliwa bila kuulizwa hajajitolea, kabebeshwa. Hizo faida nilizozitaja, za furaha na umri mrefu, mie simuahidi alobebeshwa, na manesi wenzangu waliojitoa mpaka wakaanguka wenyewe nawajua, kwa hivo kaka mtu akirudi mpirani nae akamtie mgonjwa uji.

Haya, twende kwenye kazi ilotuleta. Anaetoa damu awe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, awe kala, kalala, kanywa maji ya kutosha. Mwanamme anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Wajawazito na wanaonyonyesha leo mtatugaia chai. Walokuwa wanauliza kule nyuma "bibi si ntapungukiwa nguvu", ile sehemu ya majimaji mwili unairudisha ndani ya siku moja mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na kabla ya sindano unapimwa kama unayo ya kutoa, wenye upungufu wanarudishwa na ushauri wa chakula. Kule kwenye dodoso mkiulizwa mambo ya siri semeni kweli, pazia lipo, na karatasi haisomwi na mwalimu.

Wa chini ya miaka 18 msijipenyeze, kuna bwana mlangoni anaangalia vitambulisho na hana mchezo. Wasichana mstari wa kulia, wavulana wa kushoto, na nyie wa huko nyuma mlokuwa mnacheka wakati wa leba, nyie ndo mtaanza. Mandazi yako kwa Bi mkubwa wa jikoni, anaetoka kwenye kitanda cha damu anapewa mawili.